Mwenzetu Hakuaga Hivyo

Wanaosema wifi yangu alichanganyikiwa siku ile kwenye banda la video, wengi wao hawakuwamo. Mimi nilikuwamo, benchi la pili kutoka mbele, miwani usoni. Kwa hiyo nitalisimulia mimi, na mwenye lake la kuongeza akaandike la kwake.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu. Tangu nilipoolewa hatujapitisha siku mbili bila kutupiana maneno, na hilo nalisema kwa fahari, maana wifi asiyekuchokoza ni wifi asiyekuhesabu. Siku niliyoingia kwao alinitazama kuanzia ukucha hadi utosi, akamwambia kaka yake, "Huyu atakumalizia unga." Nikamjibu, "Na wewe nitakumalizia maneno." Sijafanikiwa. Mpaka leo anayo tele.

Alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa. Mtu akisikia kufua anafikiria beseni na kipande cha sabuni. Hapana. Chumba kile kilikuwa na mashine tatu zenye matumbo ya kumeza mashuka ya wodi nzima, zikizunguka mpaka sakafu inatetemeka, na mvuke unakupiga usoni kama umefunua sufuria. Shuka lenye damu huloweshwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huipika damu ikang'ang'ania kitambaa. Kukunja ni kazi ya watu wawili: mnashika ncha, mnavuta, mnasogeleana, mmoja anampa mwenzake ncha zake, mnarudi nyuma, mnaanza tena. Wanawake wale walitazamana usoni kutwa nzima, na kwa ngurumo za mashine hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake. Basi wakajifunza kusoma midomo. Walisengenyana hivyo, walichekeshana hivyo, walipeana pole za msiba hivyo hivyo, na wewe ukisimama mlangoni huambulii kitu. Ikibidi kusema kwa sauti, sauti hiyo sharti izishinde mashine. Ndiyo maana wifi yangu akikunong'oneza siri, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia.

Umri ulipotimia hakutaka kuondoka. Kifua kilikuwa kimeanza kusumbuliwa na mvuke, ni kweli, lakini mikono ilikuwa mizima na akili ilikuwa kamili. Wakubwa waliamua wenyewe. Wakamfanyia hafla katika ukumbi wa wauguzi. Nanyi mnajua hafla hizo zilivyo: anayeagwa huketishwa mbele kama bibi harusi, shada shingoni, na mtu mwingine husimama kumsomea risala kwa niaba yake. Bwana mmoja wa ofisini, ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga chumba cha kufulia, alisoma kwamba wifi yangu anaushukuru uongozi, anaondoka kwa moyo mkunjufu, na anatamani sana kupumzika. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Nilimwona akifungua mdomo. Makofi yakapigwa. Akaufunga.

Zawadi yake ilikuwa saa ya ukutani, kubwa, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Alipohamia kwetu, maana hakuwa na mume wala mtoto wa kumpokea, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kuitundika kwenye tundu la kuku.

"Dada, ni nini tena hiki?" mume wangu akamuuliza.

"Kuku ndio wenye ratiba, wana kutaga," akasema. "Mimi nimepumzishwa."

Na kweli alipumzishwa. Kaka yake alimnunulia kiti cha kuegemea akakiweka kibarazani. Akishika ufagio ananyang'anywa. Akiinama kwenye beseni anainuliwa. "Dada, pumzika." Wapita njia nao: "Mama, unapumzika? Vizuri." Haukupita muda akaanza kunyamaza. Nilimwambia siku moja kwamba amekaa pale kama gunia lililosahauliwa na wachukuzi, nikasubiri nipigwe neno la kunirudisha kwetu. Akaniambia, "Ndiyo, wifi." Jamani! Nilikwenda jikoni nikakaa chini. Nilijua kwamba mtu yule akiendelea kukaa kwenye kiti kile, tutamzika akiwa anapumua.

Ndipo nikampeleka kwenye banda la video.

Lilikuwa jirani na kinyozi, kuta za mabati, benchi za mbao, na televisheni yenye mgongo mkubwa iliyopandishwa juu ya makreti ya soda. Jumamosi alasiri walionyesha filamu ya mfululizo, ya watu wanaosafiri kwenye nyota. Mwenye Banda alikuwa akipunguza sauti ya filamu, kisha mtafsiri anakaa pembeni na kipaza sauti na kuwaambia watu kinachosemwa. Mtafsiri wa wakati ule alikuwa kijana mmoja mvivu, mwenye kofia. Watu wawili kwenye filamu wakigombana mpaka mate yanaruka, yeye anasema, "Wanaongea." Mama akilia juu ya maiti ya mwanawe, yeye anasema, "Amekasirika."

Jumamosi ya pili wifi yangu hakuvumilia. "Hajasema hivyo!" akapaza sauti. "Mtazame uso wewe!"

Mwenye Banda akageuka kule mlangoni. "Mama, kama unaweza kumzidi, njoo ukae hapa."

Alikusudia kumnyamazisha. Wifi yangu akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akamwondolea kijana kofia, akaketi.

Sasa niseme ukweli, maana wengine husema alikuwa hodari wa lugha ile ya kigeni. Hakuijua. Alijua maneno ya wodini tu, kama daktari na blanketi na maumivu. Alichofanya ni kusoma midomo na nyuso kama alivyosoma kule kwenye mashuka, na yaliyobaki aliyatoa kifuani mwake. Nahodha wa chombo na mhandisi wake wakizungumza juu ya mafuta na njia, yeye alituambia wanalaumiana nani aliacha mlango wazi. Mwalimu mmoja wa sekondari, kijana mwenye mashati ya kupigwa pasi, alikuwa akiinama kwa uchungu kila mara.

"Bibi, hawajataja mlango kabisa!"

"Mwalimu, hebu watazame. Hao ni watu wa mafuta hao? Mimi nimeishi na watu wenye nyuso hizo. Ni mlango."

Banda likawa linajaa. Wanawake wa sokoni walifunga meza mapema. Watu wakampa jina, Bi Kipaza, na nyumbani matusi yangu niliyozoea yakarudi yote, na riba juu. Nililala vizuri tangu siku hiyo.

Katika filamu ile alikuwamo mwanamke mmoja wa makamo, mnene kidogo. Jina lake lilikuwa refu, la kukwama kooni, basi wifi yangu akamwita Mwenzetu na likashika. Mwenzetu alikuwa akifagia kituo fulani cha huko angani, vyombo vinapopita kujaza nguvu. Siku moja alikuwa anafagia ndani ya chombo cha Nahodha, mlango ukajifunga, wakapaa naye. Wengine wote mle walikuwa na vyeo na silaha. Yeye alikuwa na ufagio na mdomo. Nahodha akitaka kuikimbia nchi fulani inayoungua, Mwenzetu ndiye humuuliza watu wa pale anamwachia nani. Akitaka kupiga, ndiye humshika mkono. Nahodha alikuwa mzuri wa sura na mwepesi wa kukosea, na kama si Mwenzetu angekuwa ameshakufa tangu sehemu ya tatu. Tulimpenda, na msinicheke. Mwenye duka la vitambaa alifika hata kumwekea nadhiri ya kufunga siku Mwenzetu aliponaswa na watu wenye vichwa vya chuma.

Lakini ugomvi nao ulikuwa unakua. Vijana walioijua lugha walilalamika, na Mwalimu mbele yao. Walichochukia zaidi ni kwamba wifi yangu alisema hata pale pasiposemwa kitu. Chombo kikipita kimya kati ya nyota, muziki tu unalia, yeye alitueleza Mwenzetu anawaza nini dirishani. Mwenye Banda akaja kwetu mwenyewe, akakaa kibarazani, na kwa bahati mbaya akakaa kwenye kile kiti.

"Mama, mimi ni mfanyabiashara," akasema. "Penye maneno, sema, hata ukikosea nitavumilia. Penye kimya, kaa kimya. Zipo filamu siku hizi zinakuja zimeshatiwa sauti ya Kiswahili ndani, zinahitaji kuchomekwa tu. Ukinizidi mara moja tena nachukua kipaza changu."

Mume wangu akafurahi. "Msikilize, dada. Na ikiwa ni kuacha, uache tu. Utapumzika."

Wifi yangu alikuwa anakitazama kiti kile kwa macho ya mtu anayetazama shimo la kuingia yeye.

Basi Jumamosi zilizofuata akajibana. Penye kimya aliuma midomo, na nilikuwa naona shingo yake inavimba kama ya chura. Nikamwambia, "Utapasuka, utuchafulie benchi." Akaniambia, "Wewe nikupasukie? Labda nikose pengine pa kupasukia."

Ndipo ikafika sehemu ile.

Vumbi la nyota lilikuwa limemwingia Mwenzetu kifuani. Alikuwa anakohoa, lakini ufagio bado mkononi. Nahodha na tabibu wa chombo walizungumza mlangoni bila yeye kuwapo, na hapo wifi yangu alitafsiri vizuri tu, hata Mwalimu aliitikia kwa kichwa: wanasema amechoka, wanasema kuna nchi yenye majani na hewa safi, watamwacha huko. Chombo kikatua. Kulikuwa na nyumba ndogo nyeupe na mbele yake kiti. Mabaharia wote wakapanga mstari, wamevaa sare za sherehe. Mwenzetu akasimamishwa mbele. Nahodha akaanza kuhutubia.

"Anasema," sauti ya wifi yangu ikatoka kwenye spika, polepole, "anasema Mwenzetu anatushukuru. Anasema anaondoka kwa moyo mkunjufu. Anasema anatamani sana kupumzika."

Mimi nikageuka kumtazama. Hakuwa akitutazama sisi, wala sidhani kama alikuwamo ndani ya banda.

Nahodha akampa taa yenye kuwaka bila mafuta. Mabaharia wakapiga makofi. Picha ikausogelea uso wa Mwenzetu mpaka ukajaa televisheni nzima. Machozi yalikuwa yanashuka na midomo imefungwa. Hakusema kitu. Yule mwenye maneno kuliko wote hakuwa na neno hata moja. Muziki ukaanza. Mlangoni, Mwenye Banda alikuwa amekunja mikono, anasubiri.

Wifi yangu akakisogeza kipaza.

"Nahodha," akasema, "umesema vizuri, ila hukuniuliza."

Mwalimu akasimama. "Huyo mama hajasema neno! Mdomo wake umefungwa!"

"Naona, mwanangu," akamjibu bila kugeuka. "Wake umefungwa. Wangu uko wazi." Akaendelea. "Nani alikwambia nimechoka? Nakohoa, ndiyo. Na wewe unakoroma, kuna aliyekushusha? Nimefagia damu yenu humu ndani. Nimewaficha aibu zenu. Siku mliyotaka kukimbia, nani aliwafungia mlango mkabaki kuwa watu? Leo mmenipangia mstari, mmevaa vizuri, mnanipigia makofi ili nisisikike."

"Mama!" Mwenye Banda alikuwa anakanyaga watu kuja mbele. "Mama, tulikubaliana!"

"Na taa hii," akasema wifi yangu, "niangaze nini nikiwa nimekaa? Chukueni taa yenu, nirudishieni ufagio."

Mwenye Banda akaufikia waya akauvuta. Spika ikafa. Lakini sauti iliyozishinda mashine tatu, waya una nini? Alisimama, kipaza kilichokufa bado kiko mkononi kwa mazoea, akasema sasa kwa koo lake, na kinyozi wa jirani alituambia baadaye kwamba aliuinua wembe kutoka shingoni mwa mteja kwanza, kwa usalama.

"Anayeaga husema mwenyewe! Mkinisemea ninyi, sikuaga. Mtakaporudi huko mkaulizwa Mwenzetu yuko wapi, msiseme ametuaga. Semeni tumemtoa!"

Kwenye televisheni mlango wa chombo ukajifunga. Mwenzetu akabaki mdogo, na kiti nyuma yake. Mwenye duka la vitambaa alikuwa analia kwa kwikwi. Mwanamke mmoja wa sokoni akapaza sauti, "Usikikalie, mwenzetu! Usikikalie kiti hicho!" Na mimi, ambaye sikulia hata siku ya kuzaa, nilivua miwani nikaifuta, ilikuwa na vumbi.

Nje, Mwalimu alimfuata. "Bibi, umebadilisha hadithi. Yule mama amekubali. Sehemu za mbele huko anaishi pale kwa raha, mimi nimeisoma habari yake."

"Uko sahihi," wifi yangu akamwambia.

"Sasa kwa nini?"

"Nimekwambia uko sahihi. Unataka na pipi?"

Mwalimu alikuwa na haki, na mpaka leo anayo, na mpaka leo sijampenda.

Mwenye Banda alichukua kipaza chake. Hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Alisema tu, "Mama, kuanzia Jumamosi ijayo maneno yote yatakuwa yamo ndani ya filamu. Hakuna lililobaki la kusema wewe."

Nyumbani mume wangu akaivuta pole yake ndefu. "Basi, dada. Mungu ana makusudi. Sasa utapu—"

"Kaka," akamkatiza, "neno hilo ukilimaliza utalala na kuku. Angalau utajua saa ngapi."

Akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Wiki ile yote alifagia ua, akafua mapazia, akakunja mashuka yetu peke yake akiyabana kwa kidevu, na mume wangu hakuthubutu kumgusa. Lakini maneno yalikuwa machache. Nilimchokoza, akajibu nusu. Nilikuwa nakitazama kiti cha kibarazani na nakiona kama kinamsubiri.

Jumamosi alasiri akatoka na gauni lake la kijani, nywele amezibana.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kutazama filamu. Nimekatazwa kutazama?"

Tukaenda. Akakaa benchi la mbele kabisa. Mwenye Banda alimwona, akasita, kisha akachomeka filamu yake. Ilikuwa na sauti ya mwanamume mmoja mwenye koo zito aliyewasemea wote, Nahodha na mabaharia na wanawake na watoto, kila kitu mahali pake, bila kosa. Mwalimu alikuwa ametulia kama mtu aliyetolewa jino. Wifi yangu alikaa na mikono mapajani. Hakufungua mdomo. Nikasema moyoni, haya, wamemweza.

Kisha ikaja sehemu ambapo Nahodha ameingia peke yake kwenye chumba cha chini cha chombo. Pale ukutani ulikuwa umeegemezwa ufagio. Alisimama akautazama. Hakuna aliyesema kitu. Yule mwanamume wa koo zito alinyamaza, maana hakuwa na la kusoma. Muziki nao haukuwapo. Kimya.

"Usiuguse," wifi yangu akasema. "Una mwenyewe."

Banda zima likashtuka. Mwenye Banda akaja mbio. "Mama! Nilikwambia nini? Maneno yote yamo ndani!"

"Maneno yamo, nimeyasikia, nimekuachia yote," akasema, na alikuwa amekaa vizuri kama mtu wa kwake. "Kimya je, nacho kimo? Hebu sikiliza. Unamsikia mtu anasema hapo?"

Mwenye Banda akatazama televisheni. Kwa kweli hakukuwa na mtu aliyesema.

"Mwache!" wakapiga kelele wanawake wa sokoni. "Mteja huyo, ameingia kwa haki yake!"

"Bi Kipaza, endelea!"

Nahodha wa filamu akaanza kuzungumza tena, sauti nzito ikarudi, na wifi yangu akanyamaza papo hapo, kwa adabu kabisa, mkono kifuani kama anayempisha mgeni mlangoni. Mwenye Banda akarudi kwenye nafasi yake akitikisa kichwa. Na mimi niliyekuwa nyuma ya wifi yangu niliona jambo: kila mazungumzo yalipoelekea kuisha, vichwa vya mabenchi yote vilianza kugeuka kumtazama yeye.

Kimya kingine kilipokuja, cha nyota tu na giza, mwenye duka la vitambaa hakuweza kungoja.

"Bi Kipaza," akauliza, "Mwenzetu yuko wapi sasa hivi?"

Wifi yangu akaitazama televisheni, ambayo haikuwa na mtu.

"Yuko kule kule walikomtupa," akasema. "Amesimama. Kiti amekipasua kuni."